Hewa ya Makongeni Ipimwe Makongeni

Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, Bunge la Kaunti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA)

Mheshimiwa Gavana, Waheshimiwa Wawakilishi Wadi, na wakuu wa NEMA,

Mwaka 2024 taasisi ya Health Effects Institute ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia vifo takriban milioni 8.1 duniani katika mwaka wa 2021. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa hesabu yake, hutaja vifo vipatavyo milioni 7 kwa mwaka, na mwaka 2022 lilitangaza kwamba asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa iliyozidi viwango vyake. Takwimu za namna hii husomwa mara kwa mara katika mikutano ya Gigiri, makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, humu humu Nairobi. Mimi naziheshimu, na katika barua hii nitazitetea. Nawaandikia kwa sababu mkazi wa mtaa wangu wa Makongeni amehesabiwa ndani ya takwimu hizo bila hewa yake kupimwa ipasavyo. Ugonjwa wake umekadiriwa kwa kutumia hewa ya mahali pengine, utafiti wa nchi nyingine na wastani wa jiji zima. Ombi langu ni kwamba kaunti ipime hewa ya Makongeni na mitaa jirani mfululizo, itangaze vipimo hivyo kwa wananchi, na ivisome pamoja na rekodi za vituo vya afya. Nitaeleza kwa nini makadirio ya dunia, pamoja na ubora wake wote, hayawezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yenu.

Tuanze na jinsi wataalamu wanavyojua hewa ya mahali ambapo hawajawahi kufika. Kinachofuatiliwa zaidi ni chembechembe laini zinazoitwa PM2.5, ambazo kipenyo chake hakizidi maikromita 2.5. Kwa udogo wake hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Vyombo vilivyobebwa na setilaiti kama Terra, iliyorushwa mwaka 1999, na Aqua, iliyorushwa mwaka 2002, hupima jinsi chembechembe zinavyofifisha mwanga katika hewa yote iliyo kati ya ardhi na anga za juu. Modeli ya kompyuta inayofuata safari ya moshi na vumbi hukadiria ni kiasi gani cha chembechembe hizo kiko huku chini tunakopumua. Mwishowe makadirio hayo hulinganishwa na vituo vya kupimia vilivyo ardhini, na pale yanapokosea hurekebishwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo nguzo ya zile mbili za mwanzo, na ndiyo inayokosekana kwetu. Mwaka 2019 UNICEF ilieleza kwamba ni asilimia 6 tu ya watoto wa Afrika wanaoishi karibu na kituo cha kuaminika cha kupima hewa, ilhali Ulaya na Amerika Kaskazini ni asilimia 72. Maana yake ni kwamba kosa la makadirio likitokea London litagunduliwa na kusahihishwa. Likitokea Makongeni linabaki kwenye ramani kama ukweli.

Makosa ya namna hiyo yana njia nyingi za kuingia. Setilaiti nilizozitaja zilipangwa kupita karibu saa nne na nusu asubuhi na saa saba na nusu mchana. Hazioni kupitia mawingu, na Nairobi ya Julai hukaa chini ya mawingu siku baada ya siku. Hazipo alfajiri ya saa kumi na mbili, wakati matatu na malori yanapobanana Jogoo Road na hewa baridi imeukandamiza moshi chini. Hazipo usiku, wakati takataka na plastiki zinapochomwa na majiko ya makaa yanapowashwa nje ya milango. Kisha kuna suala la ukubwa wa picha yenyewe. Kwa miaka mingi ramani zilizotumika kukadiria mzigo wa magonjwa duniani zimeigawa dunia katika miraba ya takriban kilomita 11 kwa 11. Kaunti ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 696, inaenea katika eneo la miraba kama sita hivi. Mraba mmoja unaweza kuchukua Makongeni, Viwandani, Industrial Area, katikati ya jiji na mitaa yenye bustani na miti, na wote waliomo wakapewa hewa moja. Ramani mpya zimepunguza mraba hadi karibu kilomita moja, na hayo ni maendeleo makubwa. Lakini picha iliyokuzwa bila vipimo vya ardhini vya kuisahihisha ni wastani ule ule uliochorwa kwa kalamu nyembamba.

Upande wa pili wa hesabu ni afya. Wataalamu huchukua kiwango cha uchafuzi, wakakioanisha na tafiti zilizowafuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi, kama ule wa Miji Sita wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993, ili kujua hatari inaongezeka kwa kiasi gani. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kiwango fulani cha uchafuzi huongeza hatari ya kufa kwa kiharusi kwa robo. Basi katika kila vifo 125 vya kiharusi miongoni mwa watu waliovuta hewa hiyo, 25 visingetokea wakati huo iwapo hewa ingekuwa safi. Hiyo ni sehemu ya tano. Hesabu kama hiyo hufanywa kwa maradhi ya moyo, saratani ya mapafu, magonjwa sugu ya njia ya hewa, nimonia, kisukari na matatizo ya watoto wachanga, halafu majibu yakajumlishwa. Njia yenyewe ni safi. Lakini sehemu kubwa ya tafiti hizo ilifanywa katika nchi ambazo hewa yake ni nafuu kuliko ya Eastlands, yaani upande wa mashariki wa Nairobi ilipo Makongeni. Kwa miaka kadhaa watafiti walilazimika kuziba pengo la viwango vya juu kwa kutumia data za wavutaji sigara na wanaoishi nao. Aidha, hesabu huanza na idadi ya vifo vya kila ugonjwa, na katika nchi yetu si kila kifo husajiliwa, wala si kila kilichosajiliwa chanzo chake kimethibitishwa na daktari. Kwa hiyo pale penye moshi mwingi zaidi na rekodi chache zaidi, ndipo makadirio yanapokuwa na shaka kubwa zaidi. Makongeni iko hapo.

Hili halijabaki kuwa nadharia, kwa kuwa Nairobi imepimwa hapa na pale na matokeo yanajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta wastani wa takriban maikrogramu 21 za PM2.5 kwa mita ya ujazo ya hewa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na takriban 13 katika eneo la Umoja wa Mataifa huko Gigiri. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha APHRC cha hapa Nairobi, ulikuta wastani wa takriban 67 katika mtaa wa mabanda wa Viwandani na 166 katika ule wa Korogocho. Mbinu, miaka na saa za kupimia zilitofautiana, kwa hiyo namba hizi haziwezi kupangwa safu moja kana kwamba ni za siku moja. Hata hivyo, pengo lake ni kubwa mno kuelezwa kwa tofauti ya mbinu peke yake. Kiwango cha WHO tangu mwaka 2021 ni maikrogramu 5 kwa wastani wa mwaka na 15 kwa saa 24. Ukichukua wastani wa jiji lote, mkazi wa Gigiri anaongezewa moshi asiouvuta na mkazi wa Viwandani anapunguziwa moshi anaouvuta. Wadi ya Viwandani na wadi ya Makongeni ziko katika eneo bunge moja la Makadara. Nyumba za reli za Makongeni zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, mahali ambapo wangefika kazini kwa miguu: Jogoo Road upande mmoja, njia ya reli na viwanda upande mwingine. Ukaribu huo na kazi ndio ukaribu na moshi, na mipango ya jiji ndiyo iliyowaweka watu hapo, si bahati mbaya.

Mtu anaweza kuuliza kipimo cha mtaa kinamsaidia nini mgonjwa. Jibu liko London. Ella Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa na pumu kali, alifariki Februari 2013. Aliishi karibu na barabara kuu yenye magari mengi kusini mashariki mwa jiji hilo. Desemba 2020 afisa wa kuchunguza vifo alitamka rasmi kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, uamuzi ambao haukuwahi kutolewa Uingereza kabla ya hapo. Ushahidi ulipatikana kwa sababu palikuwa na kituo cha kupima hewa umbali wa takriban maili moja kutoka nyumbani kwao, na kumbukumbu zake ziliweza kuwekwa kando ya tarehe alizolazwa hospitalini. Mamake alipigania ukweli kwa miaka, na alipofika mbele ya sheria alikuta namba zinamsubiri. Mama wa Makongeni ambaye mwanawe ana pumu anaweza kuwa na ujasiri ule ule, wakili hodari na Katiba bora zaidi, lakini akakosa namba. Bila kipimo cha mahali na saa, moshi unabaki chanzo cha magonjwa kwa ujumla, bila mwathiriwa anayejulikana na bila mwenye kuwajibika.

Najua mapingamizi yatakayotolewa, na yanastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba tayari tunajua hewa ni chafu, basi fedha ziende kwenye kuisafisha badala ya kuipima. Lina uzito, na ningekuwa wa kwanza kulipinga ombi langu mwenyewe kama kupima kungekuwa kisingizio cha kuahirisha kazi. Lakini tunasafisha nini kwanza: magari, viwanda, takataka zinazochomwa, vumbi la barabara zisizo na lami, au makaa ya jikoni? Kila chanzo kina saa zake na alama zake, na kipimo cha mfululizo ndicho kinachovitenganisha. Kuna jambo lingine lisilojulikana sana. Tafiti zinaonyesha kwamba hatari ya kiafya hupanda kwa kasi katika viwango vya chini vya uchafuzi, kisha kasi hiyo hupungua viwango vinapokuwa juu sana. Kushusha moshi kutoka maikrogramu 67 hadi 60 kutaleta nafuu ndogo kuliko kushusha kiasi kile kile mahali penye hewa iliyo karibu na usafi. Serikali inayofanya juhudi kidogo katika mtaa mchafu sana inaweza isione matokeo hospitalini, ikakata tamaa, na wananchi wakaambiwa mpango umeshindwa. Kipimo kingeonyesha kwamba mpango ulianza vizuri lakini haukwenda mbali vya kutosha.

Pingamizi la pili ni gharama. Kituo kamili cha kiwango cha juu kweli ni ghali, na matengenezo yake pia. Kwa hiyo siombi kituo kama hicho kila kona. Jirani zetu wa Kampala wametuonyesha njia. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, hutengeneza vihisi vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu, na vimetumika katika miji mbalimbali ya Afrika. Hapa kwetu pia, mwaka 2016 vihisi vya bei nafuu vilijaribiwa katika maeneo kadhaa ya Nairobi, Viwandani ikiwemo. Utaalamu tunao. Atakayesema kwamba vihisi hivyo hukosea anasema kweli, kwani unyevu mwingi hewani huvifanya visome zaidi ya kilichopo. Dawa yake inajulikana: kila kihisi huwekwa kwanza kando ya kituo kamili, kosa lake likapimwa na kurekebishwa, kisha kikapelekwa mtaani. Kituo kimoja kamili Eastlands kikizungukwa na vihisi vilivyosahihishwa kitatupa zaidi ya tunachopata leo. Na kiwe chetu wenyewe. Machi 2025 serikali ya Marekani iliacha kutangaza vipimo vya hewa kutoka balozi zake duniani, na miji iliyokuwa ikitegemea vipimo hivyo ikaachwa hivi hivi kwa uamuzi uliofanywa Washington.

La tatu husema tatizo letu halisi ni moshi wa jikoni, si wa barabarani. Kwa nchi nzima moshi wa kuni, makaa na mafuta taa ni muuaji mkubwa, hasa kwa akina mama na watoto, na sitaki barua hii isomwe kana kwamba inaupuuza. Ila katika mtaa uliosongamana, nje na ndani havitengani. Moshi wa jiko hutoka mlangoni ukaungana na wa lori, na wa lori huingia dirishani ukamkuta mtoto amelala. Familia iliyojinyima ikanunua mtungi wa gesi inastahili kujua kama hewa ya nje inairudishia sumu ile ile iliyoikimbia.

La nne, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni hofu kwamba kupima kutafukuza viwanda na ajira. Hofu hii naiheshimu, kwa maana maelfu ya familia za Eastlands hula kwa kazi za Industrial Area. Lakini sheria tayari ipo. Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 1999, zinavitaka viwanda kudhibiti vinachotoa angani. Kiwanda kinachofuata kanuni hizo kwa gharama yake kinaumizwa na jirani anayezikiuka bila kuonekana, na kipimo cha wazi kinamlinda mwajiri mwaminifu. Mfanyakazi naye haponi kwa kufichwa. Kifua kinachombana kinamgharimu siku za kazi na pesa za dawa, na gharama hiyo haiandikwi kwenye vitabu vya kampuni yoyote.

La mwisho ni kwamba makadirio ya vifo ni kukisia tu, ndiyo maana wengine husema milioni 7 na wengine 8.1. Tofauti hizo hutokana na miaka, mbinu na maradhi yanayojumuishwa, na wataalamu huchapisha kiwango cha shaka kando ya kila namba. Watafiti waliochunguza umbali wa kuona uliorekodiwa kwa miongo kadhaa katika miji ya Afrika Mashariki walikadiria, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, kwamba chembechembe katika hewa ya Nairobi zimeongezeka kwa asilimia 182 tangu miaka ya 1970. Hayo nayo ni makadirio, yaliyopatikana kwa njia tofauti kabisa na ya setilaiti, na yanaelekea upande ule ule. Shaka iliyobaki inadai vipimo bora. Haimpi kiongozi yeyote ruhusa ya kukaa kimya.

Waheshimiwa, wajibu wenu umeandikwa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne linakabidhi udhibiti wa uchafuzi wa hewa kwa serikali za kaunti. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kaunti yenyewe iliandaa Mpango wa Utekelezaji wa Ubora wa Hewa wa 2019 hadi 2023, na muda wake umekwisha. Tangu mwaka 2018 Makongeni imetajwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa nyumba za bei nafuu, mradi unaokusudiwa kuweka maelfu ya familia kati ya barabara ile ile na viwanda vile vile. Nyumba bora ni haki. Lakini kuwaweka watu wengi zaidi mahali ambapo hewa yake haijapimwa ipasavyo ni kurudia uamuzi wa waliotangulia, safari hii kwa majengo marefu na tukiwa na maarifa ambayo wao hawakuwa nayo.

Kwa hayo, naomba mambo manne. Kijengwe kituo kimoja kamili cha kupima hewa katika kaunti ndogo ya Makadara, na vihisi vilivyosahihishwa viwekwe Makongeni, Viwandani, Kaloleni, Mbotela na kandokando ya Jogoo Road, vipimo vyake vikitangazwa kila saa kwa Kiswahili na Kiingereza. Itolewe ripoti ya wazi inayoonyesha ni ahadi gani za mpango wa 2019 hadi 2023 zilizotimizwa na zipi hazikutimizwa. Rekodi za pumu, nimonia na maradhi ya moyo kutoka vituo vya afya vya Makadara na Jericho, ambazo tayari hukusanywa kwa ajili ya mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya, zisomwe pamoja na vipimo vya hewa bila kufichua jina la mgonjwa yeyote. Na NEMA iweke sharti kwamba kila mradi mkubwa wa makazi karibu na Industrial Area upimiwe hewa kabla ya ujenzi, wakati wa ujenzi na baada ya watu kuhamia, matokeo yakabandikwa mahali ambapo wapangaji watayasoma.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari. Naomba barua hii ichukuliwe kuwa ombi la namna hiyo, kwa swali hili: ni lini hewa ya wadi ya Makongeni ilipimwa na kaunti au na NEMA, kwa chombo gani, na matokeo yalikuwa yapi? Kama imepimwa, tupeni namba. Kama haijapimwa, tuambieni itaanza kupimwa tarehe gani.

Wenu katika kulijenga jiji hili,

Mkazi wa Makongeni, Nairobi